Watoto Wetu Walitusomea Kadi ya Kliniki

Akina mama wenzetu, haya tunayowasimulia yalianza kwa ugomvi wa watoto wawili juu ya makombe ya pwani. Hatukuwa na nia ya kufundisha somo lolote siku ile, wala hatukujua kwamba miezi mitatu baadaye ugomvi ule ungetufungua macho juu ya mtoto mchanga wa nyumbani kwetu.

Sisi ni wanne, na nyua zetu zimepakana hapa Kilwa Masoko. Wawili kati yetu ni Wakristo na wawili ni Waislamu, lakini chumvi, moto na watoto ni vya wote. Juni 2023, shule zikiwa zimefungwa, tuliwachukua watoto pwani siku ya bamvua, maji yalipokuwa yamekupwa mbali. Wakaokota walichoweza. Waliporudi kivulini, kijana wetu wa miaka sita akayapanga makombe yake matano mchangani kwa mstari mmoja. Kando yake binti yetu wa miaka saba akapanga kauri zake nane. Kwa kuwa makombe ni makubwa, mstari wake ukawa mrefu kuliko ule wa kauri.

"Mimi nimekushinda!" akasema kijana.

"Umenishindaje? Wewe unayo matano, mimi ninazo nane."

"Basi tazama! Wangu mrefu!"

Wakashikana mashati. Mmoja wetu akaokota kijiti, akachora mchangani safu mbili za vyumba vidogo vilivyo sawasawa, zote zikianzia kwenye mstari mmoja. Akawaambia, "Kila kombe liingie chumba chake, na kila kauri iingie chumba chake. Asilaze mtu vitu viwili chumba kimoja." Walipomaliza, kijana akatazama safu yake iliyokomea chumba cha tano, akatazama ya dada yake iliyofika cha nane, akanyamaza. Hakuna aliyemwambia kwamba ameshindwa. Alijionea mwenyewe.

Jioni ile, tukiparua samaki, tuligundua kwamba tulikuwa tumechora grafu. Sisi tuliosoma shule ya msingi tulizikumbuka zile takwimu kwa picha na zile grafu za mihimili, ambazo wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani kisha tukazisahau. Kumbe jambo lenyewe ni jepesi hivi! Vyumba viwe sawa, mwanzo uwe mmoja, na kila kitu kipewe chumba kimoja. Mtoto wa miaka sita akishayashika hayo matatu, ameshika nusu ya somo.

Tukahesabu vyombo

Watoto walipoonja mchezo huo hawakutaka kuuacha. Tukawapa kazi. Kila asubuhi, kuanzia saa 1 hadi saa 3, wahesabu mashua na ngalawa zinazorudi kutoka kuvua, na kila chombo kiwekewe kizibo kimoja cha soda kwenye ubao. Juma lilipokwisha tuliwapa daftari la hesabu lenye miraba, wakahamisha vizibo vyao kwenye karatasi kwa kupaka mraba mmoja kwa kila kizibo. Chini wakaandika siku, na pembeni wakaandika namba kuanzia sifuri kwenda juu.

Jumatatu vyombo 9, Jumanne 8, Jumatano 9, Alhamisi 6, Ijumaa 2, Jumamosi 7.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kuchora si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuuliza. Mwanzoni tuliuliza maswali mepesi tu. Siku gani ina vyombo vingi? Siku gani ina vichache? Siku gani zinalingana? Wakajibu mara moja. Tulipouliza, "Jumatatu imeizidi Alhamisi kwa vyombo vingapi?", kijana akajibu, "Tisa." Aliona mhimili mrefu, akausoma wote. Tukamwekea kijiti juu ya Alhamisi, kikalala hadi kwenye mhimili wa Jumatatu, tukamwambia ahesabu miraba iliyo juu ya kijiti tu. Akahesabu: mitatu. Swali hilo la "zaidi kwa ngapi" huwasumbua watoto wengi. Lisikuchoshe, mama. Tumia kijiti.

Kisha binti akauliza yeye mwenyewe, "Ijumaa mbona fupi?"

Hatukumjibu. Tulimwambia akaulize. Alikwenda kwa babu mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu chini ya mkungu, akarudi mbio: "Babu anasema Ijumaa wengi hawaendi baharini, wanakwenda kuswali. Na Alhamisi kusi ilivuma sana." Tukamwonyesha jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa hatujalifikiria vizuri. Grafu inakuonyesha kwamba kuna kitu, lakini haikuambii kwa nini. Sababu lazima uitafute kwa watu.

Jambo la pili lilihusu Jumapili. Kijana aliacha nafasi tupu, na mwenzake akasema, "Jumapili vyombo sifuri." Sivyo. Jumapili wahesabuji wetu wakubwa walikuwa kanisani na wadogo walikuwa wamelala. Vyombo huenda vilirudi vingi, ila hatukuvihesabu. Tukawaeleza kwamba "hakuna" na "hatukuhesabu" ni mambo mawili mbalimbali, na asiyepima asiandike sifuri. Tuliwaambia watoto maneno hayo bila kufikiri kwamba yatatugeukia.

Mlima na tambarare

Katika miezi hiyo mwenzetu mmoja, mama yake yule binti wa miaka saba, alikuwa shamba. Ufuta ulikuwa umekomaa. Anayelima ufuta anajua kwamba hausubiri mtu. Unaukata, unafunga mafungu, unayasimamisha yakauke, kisha unayakung'uta. Ukichelewa, mbegu zinamwagika. Alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi usiku, na siku nyingine alilala huko huko. Mtoto wake mchanga, msichana aliyezaliwa Desemba 2022, alibaki na bibi yake pamoja nasi. Tulimwogesha, tulimbeba, tulimnywesha uji, na kila mwezi bibi alimpeleka kliniki kupimwa. Kila alipotoka huko alisema, "Yuko kijani." Nasi tukashukuru.

Septemba ilipofika, mama yake alirudi, ufuta ukiwa umeuzwa. Tulikuwa tumeketi ukumbini, na kadi ya mtoto ilikuwa mkekani, kwa sababu bibi alikuwa ametoka kliniki asubuhi ile. Binti akaichukua. Tangu aanze mchezo wa miraba alikuwa akisoma kila chenye mistari, hata kalenda. Akapitisha kidole kwenye nukta moja moja, kisha akasema, "Mama, mdogo wangu alikuwa anapanda mlima, sasa amefika tambarare. Amechoka?"

Tulicheka sote. Watoto wengi wanapoona mstari wa grafu kwa mara ya kwanza huuona kama picha ya kitu, yaani mlima, barabara au wimbi. Mmoja wetu akaanza kumrekebisha: "Huu si mlima, mwanangu. Ukienda upande huu miezi inapita. Ukienda juu kilo zinaongezeka." Akaishika kadi ili amwonyeshe, na hapo kicheko kikamkauka.

Mwezi wa sita kilo 7.2. Wa saba 7.3. Wa nane 7.3. Wa tisa 7.3.

Nukta zote zilikuwa ndani ya njia ya kijani. Hakuna uongo katika maneno ya bibi. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale pale kwa miezi mitatu. Miezi haisimami. Kilo ndizo zilizokuwa zimesimama, na njia ya kijani yenyewe inapanda, kwa hiyo kila mwezi mtoto yule alikuwa akiukaribia ukingo wa chini bila sisi kujua. Angebaki hivyo hivyo miezi michache zaidi, angeingia kwenye kijivu. Sisi wanne tumezaa, tumelea na tumebeba kadi hizi miaka na miaka, na hatukuwahi kutazama zaidi ya rangi.

Mama mtu alilia. Alisema, "Nimefuata pesa, nikamwacha mwanangu." Tukamkatiza. Alikuwa amekwenda kutafuta ada na chakula cha nyumba nzima, na mtoto hakuachwa porini. Aliachwa kwetu. Kama kuna lawama, tulisema, na tuigawane.

Ndipo mwenzetu mkubwa kuliko wote, ambaye kwa kawaida haongei sana, akaingia ndani kwake. Akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa. Ndani yake mlikuwa na kadi ya zamani, imeshika ukungu pembezoni. Ilikuwa kadi ya mwanawe wa pili, aliyemzika kabla hajatimiza miaka miwili. Hakuwahi kutuonyesha. Katika kadi ile mlikuwa na nukta tano, na hakuna mkono uliowahi kuziunganisha. Binti akaomba penseli. Tukatazamana. Mwenye kadi akatikisa kichwa kukubali, na mtoto akaziunganisha polepole, nukta hadi nukta. Mstari ukapanda kidogo, ukalala, kisha ukashuka.

"Walimpima kila mara," mwenzetu akasema. "Wakaweka alama wakanirudishia kadi. Sikuambiwa alama zinasema nini, nami sikuuliza."

Hatuyasemi haya ili kumlaumu nesi yeyote, maana foleni ya kliniki tunaijua. Tunayasema kwa sababu kadi inakaa nyumbani kwetu siku zote za mwezi isipokuwa moja. Ikiwa sisi hatuisomi, ataisoma nani?

Kesho yake

Asubuhi tulikwenda kliniki watatu pamoja na mtoto. Safari hii hatukuuliza, "Yuko rangi gani?" Tuliuliza, "Mbona mstari umelala?" Nesi akaketi, akatusikiliza, akamwagiza mtoto apimwe. Hakuwa na malaria. Kisha akauliza anakula nini na mara ngapi, na hapo jibu likapatikana. Uji wa mahindi mwepesi, mara mbili kwa siku, na ziwa la mama usiku tu, tena si kila usiku. Kwa mtoto aliyepita miezi sita hicho si chakula. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi unalijaza maji.

Ushauri aliotupa kila mama anaweza kuufuata. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, huku akila. Kwa umri wa miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku, uji uwe mzito usiomiminika kijikoni, na utiwe kitu chenye nguvu: karanga zilizotwangwa laini, dagaa wa unga, yai, mafuta kidogo, mboga za majani na matunda kama papai. Kisha nesi akauliza, "Na ufuta je? Huko kwenu si mnao?"

Tuliona aibu. Gunia zima la ufuta lilikuwa limetoka uani kwetu kwenda mnadani, na hakuna hata kijiko kimoja kilichokaangwa, kikatwangwa na kuingia kwenye kikombe cha mtoto yule.

Tukabadilisha. Mama alinyonyesha kabla ya kutoka na mara aliporudi. Sisi tuliobaki tulipanga zamu ya kupika, na binti akaweka vizibo vyake ukutani: kila mlo wa mtoto kizibo kimoja, ili jioni tujue bila kubishana kama vimefika vinne. Oktoba mtoto alikuwa na kilo 7.6. Novemba 7.9. Desemba, alipotimiza mwaka, 8.3. Binti aliunganisha nukta hizo yeye mwenyewe. "Mlima umeanza tena," akasema. Hatukumrekebisha.

Kadi hii imetoka wapi?

Tulipenda kujua nani alifikiria jambo hili. Kadi ya namna hii ilienezwa na daktari Mwingereza aitwaye David Morley, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi mwa Nigeria. Yeye alitaka kadi ikae kwa mama, si kabatini hospitalini. Hapa kwetu, mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa katika miaka ya 1980, ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini kwao, na wanakijiji wakaketi kuzungumza juu ya matokeo na sababu zake. Na vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vilitokana na watoto walionyonyeshwa vizuri katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Kwa hiyo njia ile inayopanda kwenye kadi si mapambo. Ni safari ya watoto wenye afya, na mtoto wako analinganishwa nao.

Kumbukeni pia kwamba njia hiyo si mwinuko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Miezi ya kwanza mtoto hupanda kwa kasi, na akifikisha mwaka kwa kawaida ana uzito kama mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Baadaye mwinuko hupungua. Usiogope kuona unapungua pamoja na njia ya kadi. Ogopa ukiona mstari wa mwanao umelala huku njia ikiendelea kupanda, na ukiona unashuka, usingoje siku ya kliniki. Na mwezi ambao hukumpeleka, usijidanganye kwamba alikuwa mzima. Ni ile Jumapili yetu. Hamkuhesabu.

Mambo ya kufanya na watoto nyumbani

Kwa yule anayetaka kuanza, haya ndiyo yaliyotufaa.

Anza na vitu vya kushika. Makombe, maharage, vizibo, korosho. Mtoto achambue kwanza: hivi huku, vile kule. Kisha apange kwenye vyumba sawa. Karatasi ije baadaye.

Akizoea, mwambie picha moja isimame badala ya vitu viwili. Vyombo 8 vitakuwa picha nne. Na 7? Hapo atakwama, kisha atachora nusu. Furahi naye siku hiyo, kwani amepiga hatua kubwa.

Mtoto akiunganisha vichwa vya mihimili ya changu, pweza na kibua kwa mstari, muulize, "Kati ya changu na pweza kuna samaki gani?" Atacheka, naye ataelewa. Mstari tunautumia kwa kitu kimoja kinachobadilika siku hadi siku, kama kimo, uzito au mvua.

Kimo ni rahisi. Mtoto asimame kwenye fremu ya mlango, uweke alama ya mkaa na tarehe, kila baada ya miezi mitatu. Mvua nayo inataka kopo lenye pande zilizonyooka na rula tu. Wetu walipima hivyo masika ya 2024. Mei, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu na barabara ya Dar es Salaam ikakatika sehemu za Somanga, walikuta kopo limefurika. Kijana akataka kuandika urefu wa kopo. Dada yake akasema, "Hapana, andika 'zaidi ya hapa', maana iliyomwagika hatukuipima." Tulisikia fahari sana.

Mwisho, usifanye jambo hili kuwa mtihani. Dakika kumi wakati unachambua mchele zinatosha. Mtoto akikosea usimcheke haraka. Sisi tulimcheka mmoja, kumbe ndiye aliyekuwa ameona.

Yule msichana mdogo sasa anakimbia uani na kumwaga vizibo vya dada yake. Kadi zote mbili, yake na ile ya zamani yenye ukungu, ziko pamoja katika mfuko mmoja. Mwenzetu mkubwa ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema watoto wa nyua zetu wote watajifunzia kwenye kadi hizo mbili, na tangu siku ile imekuwa hivyo.

Mama mpendwa, kabla hujalala leo, itoe kadi ya mwanao kwenye mfuko. Mwite na mkubwa wake aketi kando yako. Pitisheni kidole pamoja, nukta hadi nukta.